Kazi ya kwanza ya uhasibu bila uzoefu: anza na usuluhishi wa benki

Tangazo linasema "karani wa hesabu, uzoefu wa miaka miwili". Mhitimu analisoma, anashusha pumzi, anapita. Hapo amejinyima mwenyewe. Kwa nafasi za ngazi ya chini, ile miaka miwili ni lugha ya mkato ya mwajiri. Anachotaka kusema ni kwamba hana muda wa kumfundisha mtu tofauti ya ankara na stakabadhi, na hataki kukaa ofisini usiku wa kufunga mwezi akirudia kazi ya mtu mwingine. Ukimwondolea hofu hiyo, miaka inapungua uzito. Haiishi kabisa, na ofisi nyingine zitaendelea kuikazania, lakini zipo za kutosha zinazolegeza.

Sasa hofu hiyo inaondolewaje? Ushauri wa kawaida ni "jenga ujuzi, jitume, tengeneza mtandao wa watu". Ni maneno mazuri, ila huwezi kuyaweka mezani siku ya usaili. Ushauri wetu ni mwembamba zaidi: nenda na usuluhishi wa benki, yaani ulinganisho wa daftari la fedha na taarifa ya benki, ulioufanya mwenyewe, miezi mitatu mfululizo, unaofunga: pande zote mbili zinafika salio moja.

Tumeuchagua huo kwa sababu ndiyo kazi ambayo karani mpya hukabidhiwa mapema, na ndiyo inayoumbua haraka. Ndani yake kuna daftari la fedha, hati za malipo, tofauti za tarehe, makosa ya kuandika, na uamuzi wa nani arekebishe nini. Anayeufanya sawasawa hahitaji kuulizwa kama anaelewa debiti na krediti. Darasani unafundishwa kwa vipengele vitano ambavyo lazima vikubali. Ofisini una mistari mia mbili, na mmoja umegoma.

Faili la mazoezi

Buni biashara ndogo ya kununua na kuuza. Ipe chati ya akaunti, yaani orodha ya akaunti zote za biashara, yenye namba 30 hadi 40, si zaidi, kisha andika miamala 60 hadi 80 kwa kila mwezi: mauzo ya taslimu na ya mkopo, manunuzi, pango, mishahara, makato ya mishahara, kodi ya mauzo, mkopo wenye riba, na mali moja au mbili za kudumu. Miezi mitatu ni muhimu. Mwezi mmoja hauna salio la kuanzia lenye historia. Hundi ambayo haijalipwa na benki mwezi wa kwanza inatakiwa ionekane imelipwa mwezi wa pili. Isipoonekana, inabaki kwenye orodha na kuanza kuzeeka. Msimamizi anayeijua kazi hukimbilia vitu hivyo vilivyozeeka kabla hata hajatazama jumla.

Ugumu upo kwenye taarifa ya benki. Ukiitengeneza mwenyewe, unajua tayari makosa yamefichwa wapi, na mazoezi yanageuka mchezo wa kuigiza. Tafuta mwenzako anayesaka kazi kama wewe. Kila mmoja amtumie mwenzake daftari lake la fedha, na mwenzake atengeneze taarifa ya benki humo akificha makosa manne hadi sita bila kusema ni yapi: makato ambayo hayakuandikwa, malipo yaliyorudiwa mara mbili, tarakimu zilizopinduliwa, pesa ya mteja asiyejulikana. Mtakasirikiana kidogo. Ndivyo kazi ilivyo.

Mfano mdogo wa jinsi matokeo yanavyotakiwa kusomeka. Mwisho wa mwezi daftari lako la fedha linaonyesha 1,284,500, taarifa ya benki inaonyesha 1,391,200. Unapolinganisha mstari kwa mstari unakuta hundi mbili, 145,000 na 62,700, zimeandikwa kwako lakini benki haijazilipa. Unakuta pia amana ya 88,000 uliyoipeleka siku ya mwisho na haijaingia. Upande wa pili, benki imekata ada ya 4,000 usiyoijua, na malipo ya 54,000 kwa msambazaji wewe uliyaandika 45,000.

Upande wa benki: 1,391,200, toa 207,700 za hundi, ongeza 88,000, unapata 1,271,500. Upande wa daftari: 1,284,500, toa 4,000, toa 9,000 ya kosa lako, unapata 1,271,500. Zimekutana. Mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, itabeba 1,271,500, si namba yoyote kati ya zile mbili za mwanzo.

Kanuni ya kuamua nani arekebishwe ni rahisi. Ambalo benki inalijua na wewe hukuliandika, liingize kwenye daftari lako kwa ingizo la jarida, yaani andiko la marekebisho lenye debiti na krediti. Ambalo wewe umeliandika na benki bado haijaliona, liorodheshe tu na ulisubiri. Wanaoanza huteleza hapa kila mara: wanaitoa tena kwenye daftari ile hundi ambayo haijalipwa, nayo ilishatolewa siku ilipoandikwa. Kosa la benki yenyewe, nadra lakini lipo, linakwenda kwa benki kwa maandishi na linabaki kwenye orodha mpaka walirekebishe.

Kosa baya kuliko hayo yote ni kuchukua tofauti iliyobaki, iwe 350 au 35,000, na kuitupia kwenye akaunti ya tofauti ili karatasi ifunge. Tofauti ya 350 inaweza kuwa 200,000 upande mmoja na 199,650 upande mwingine. Ikiwa faili lako lina ingizo la namna hiyo bila maelezo, ni afadhali usilionyeshe.

Tofauti ikigoma, zipo mbinu ambazo makarani wazoefu huzitumia bila kufikiri. Igawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 54 na 45 hapo juu, au sifuri iliyopotea: 500 iliyoandikwa 50 inaacha 450. Isipogawanyika, kata nusu. Tofauti ya 13,600 inaweza kuwa kiasi cha 6,800 kilichowekwa upande usio wake. Na kabla ya yote hayo, tafuta kiasi chenyewe kama kilivyo. Mara nyingi ni muamala mmoja ulioachwa.

Ambatisha kwenye faili urari (orodha ya salio za akaunti zote, debiti upande mmoja na krediti upande mwingine), taarifa ya mapato na matumizi, mizania na rejesta ya mali za kudumu, lakini usizipambe. Karatasi moja ya mbele ieleze biashara ni ya kubuni, miamala ni mingapi, makosa gani yalipatikana na yalirekebishwaje. Neno "ya kubuni" liwe wazi. Na usithubutu kuchukua hesabu halisi za mtu, hata za duka la ndugu yako, ukazionyesha kwa mwajiri bila ruhusa. Anachokiona hapo ni mtu atakayetoa siri zake kesho.

Excel na programu

Kila wasifu unasema "najua Excel". Kipimo kinakuja dakika ya pili, pale data iliyotoka benki inapokataa kujumlishwa kwa sababu namba zimehifadhiwa kama maandishi, au jina la mteja lina nafasi tupu mwishoni na halilingani na lenzake. Jua TRIM na VALUE kwa kusafisha, SUMIFS kwa kujumlisha kwa masharti, COUNTIFS kwa kunasa ankara iliyoingizwa mara mbili, XLOOKUP kwa kutafuta, na PivotTable kwa kukusanya leja nzima kwa dakika moja. Ofisi yenye toleo la zamani haitakuwa na XLOOKUP, kwa hiyo jua na VLOOKUP, na ujue mtego wake: ukiacha kuandika sehemu ya mwisho ya fomula, inatafuta kinachokaribiana badala ya kinachofanana hasa, na inaweza kukuletea jibu la uongo bila kuonyesha kosa lolote. Andika FALSE au 0 kila mara.

Usiandike namba ndani ya fomula. Kiwango cha kodi kikae kwenye seli yake, fomula ikirejelee. Usiunganishe seli kwenye eneo la data. Weka seli ya ukaguzi inayopaswa kuwa 0 muda wote, na iwe nyekundu isipokuwa 0. Mtu akifungua faili lako na kuiona seli hiyo, ameshaelewa mengi.

Kuhusu programu za hesabu, chagua moja na uijue mpaka ndani. QuickBooks Online na Xero zina kampuni za mfano unazoweza kuchezea, na GnuCash ni ya bure kabisa, ingawa si ile utakayoikuta ofisini mara nyingi. Ukishajua kuingiza ankara, kupokea malipo yasiyokamilika, kutoa noti ya krediti (hati ya kumpunguzia mteja deni) na kusuluhisha benki katika programu moja, nyingine unahitaji wiki, si miezi. Sema hivyo hivyo usailini. Usiorodheshe programu sita ulizozifungua mara moja.

Mlango wa kuingilia

Wengi hutafuta neno "mhasibu" peke yake na kukosa nusu ya nafasi. Kazi za kuanzia huwa na majina mengine: karani wa hesabu, msaidizi wa mhasibu, karani wa malipo ya wasambazaji, karani wa madeni ya wateja, karani wa mishahara, mshika fedha, karani wa stoo, mwanafunzi wa ukaguzi. Tafuta kwa majina yote.

Milango hii haifanani. Ofisi ndogo ya uhasibu inayohudumia wateja wengi wadogo itakuchosha na huenda ikalipa kidogo, lakini ndani ya mwaka utakuwa umeona mzunguko mzima, kutoka boksi la risiti mpaka mizania, kwa biashara za aina nyingi. Kampuni kubwa ina utaratibu na mafunzo, lakini unaweza kukaa miaka miwili ukilinganisha ankara na hati za kupokelea mzigo, hukugusa kingine. Kati ya hizo mbili, kwa mtu asiye na uzoefu, tunapendelea ile ofisi ndogo, kwa sharti kwamba yumo angalau mhasibu mmoja aliyesajiliwa wa kuipitia kazi yako. Ofisi isiyo na mtu wa kukukosoa itakufundisha makosa yake na utayabeba kwingine.

Ukitaka ukaguzi, angalia kalenda. Kampuni nyingi hufunga mwaka Desemba 31, hivyo miezi ya mwanzo wa mwaka wakaguzi hawana hata muda wa kusoma barua pepe. Makampuni ya ukaguzi huajiri mapema, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya msimu huo. Kuomba Februari ni kuchelewa kwa msimu unaoendelea na kuwahi mno kwa unaofuata. Nafasi za muda, kwa upande mwingine, huzaliwa ndani ya msongamano huo: kuhesabu mali stoo mwisho wa mwaka, kumshikia nafasi mtu aliye likizo ya uzazi, kusafisha mafaili yaliyolala. Mkataba wa miezi mitatu usiudharau. Ni mstari halisi kwenye wasifu, na aliyekuona ukifanya kazi anaweza kupigiwa simu.

Kujitolea nako kunafaa, kwa masharti. Vikundi vya akiba, nyumba za ibada, vyama vya wazazi na timu za michezo huhitaji mtu wa kuandika vitabu. Omba barua inayotaja kazi yako na muda wake. Andika hesabu na uandae taarifa, lakini usishike pesa na kuziandika peke yako, na usiwe mtia saini pekee wa akaunti. Anayepokea fedha asiwe anayeziandika. Kanuni hiyo inakulinda wewe kwanza, maana pesa ikipotea lawama haina pengine pa kwenda.

Bodi za kitaaluma zinasaidia lakini hazijazi pengo peke yake. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, kwa mfano, ina mitihani 13 na bado inadai miezi 36 ya uzoefu wa kazi unaothibitishwa na msimamizi kabla ya kukupa uanachama kamili. Miezi hiyo inaweza kupatikana kabla, wakati au baada ya mitihani. Kwa hiyo anayesubiri amalize mitihani yote ndipo atafute kazi anajichelewesha mara mbili. Faulu michache, andika umefika wapi, anza kutafuta.

Wasifu na barua

Ukurasa mmoja. Ondoa picha, ondoa sentensi ya "mchapakazi mwenye kujituma". Weka juu kabisa unachoweza kufanya kesho asubuhi. Badala ya "nina ujuzi wa usuluhishi wa benki", andika: "Usuluhishi wa benki wa miezi 3, miamala 214, biashara ya kubuni, makosa 5 yaliyofichwa yalipatikana, faili limeambatishwa." Kama uliwahi kuuza dukani, andika kwamba ulifunga droo ya fedha kila jioni na kulinganisha na mauzo ya mashine, ikiwa kweli ulifanya. Hiyo ni kazi ya udhibiti wa fedha, hata kama hakuna aliyekuita mhasibu.

Kagua tarehe. Wasifu wa mhasibu wenye miaka isiyojumlika, au namba ya simu yenye tarakimu iliyorukwa, hautapewa nafasi ya pili. Mpe mtu mwingine ausome kwa sauti.

Barua pepe iwe na mistari mitano hadi saba: nafasi unayoomba na namba ya tangazo, kitu kimoja unachokiweza kilichotajwa kwenye tangazo, lini unaweza kuanza, na viambatisho ni vipi. Tuma PDF moja ya wasifu na faili moja la Excel, yote mawili yakiwa na jina lako. Baada ya siku saba za kazi, ulizia mara moja. Mara moja tu.

Tahadhari iliyo muhimu kuliko inavyoonekana: watafuta kazi za hesabu hulengwa na matapeli wa aina maalumu. Anayedai ada ya usaili unamjua. Hatari zaidi ni "kazi ya afisa malipo wa nyumbani" ambapo unaombwa kupokea pesa kwenye akaunti yako binafsi, ubaki na asilimia fulani, na kuzituma kwingine. Huko ni kusafirisha pesa za wizi, na jina litakaloonekana benki ni lako. Hakuna mwajiri halali anayepitisha pesa za kampuni kwenye akaunti ya karani.

Siku ya usaili

Tegemea jaribio la maandishi. Maswali hurudiarudia. La kwanza ni malipo ya awali: pango la miezi 6, jumla 600,000, limelipwa Novemba 1, mwaka unafungwa Desemba 31. Gharama ya mwaka ni 200,000. 400,000 ni malipo ya awali na inakaa upande wa mali. Wengi huandika 600,000 yote kuwa gharama kwa sababu "imeshalipwa". La pili ni uchakavu: mashine ya 2,400,000, thamani ya mwisho 240,000, miaka 5, imenunuliwa Septemba 1. Kwa mwaka ni 432,000, kwa mwezi 36,000, hivyo hadi Desemba ni 144,000. Anayesahau kutoa thamani ya mwisho, au anayeweka mwaka mzima, anaonekana papo hapo. Onyesha hatua zako. Msahihishaji mwenye busara hutoa alama kwa njia hata jibu likikosewa.

Kisha yanakuja ya mdomo. Kwa nini pesa yetu ikiingia benki taarifa yao inaandika krediti, ilhali sisi tumeandika debiti? Kwa sababu ile taarifa ni kitabu cha benki, na humo sisi ni wadai wao. Biashara inawezaje kupata faida na kukosa fedha? Wateja hawajalipa, mzigo umelala stoo, mkopo umerejeshwa, mali imenunuliwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopunguza faida kwa kiasi chake kamili mwaka huo. Urari ukilingana, je, hesabu ni sahihi? Hapana. Muamala ulioachwa kabisa, au uliowekwa kwenye akaunti isiyo yake, au kiasi kilichokosewa pande zote mbili, vyote vinaacha urari ukiwa sawa kabisa.

Usilolijua, sema hulijui na ueleze ungeliangalia wapi. Kukisia mbele ya mhasibu mkuu hakujawahi kuonekana vizuri.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza mambo mawili. Mwezi hufungwa siku ya ngapi ya mwezi unaofuata? Na usuluhishi wa benki wa mwisho uliosainiwa ni wa mwezi gani? Wakijibu "mwezi uliopita", umeingia pazuri. Wakitazamana na kucheka, au wakisema ni wa mwaka jana, si lazima ukimbie. Watu hujifunza mengi kwenye vitabu vilivyovurugika. Ila omba makabidhiano ya maandishi yenye salio la kila akaunti ya benki na ya fedha taslimu siku unayoanza, yasainiwe na wewe na anayekukabidhi, na ubaki na nakala yako.